Helikopta ya polisi inazunguka juu yetu usiku: je, nina haki ya kujua kwa nini?

Swali: "Kwa wiki tatu sasa helikopta ya polisi inakuja juu ya mtaa wetu usiku, si chini ya mara nne kwa wiki. Inazunguka, inazunguka, kisha inakwenda zake. Nina mtoto wa miezi minane. Akishtuka ndiyo basi, hatulali tena. Mdogo wangu ana programu ya kufuatilia ndege kwenye simu. Siku nyingine helikopta inaonekana, siku nyingine tunaisikia kwa masikio yetu lakini kwenye simu hamna kitu. Jirani anasema ina kamera inayoona ndani ya nyumba kupitia paa. Nilikwenda kituoni nikaambiwa mambo ya helikopta ni siri ya usalama. Nikaandika barua kuuliza kwa nini wanaruka juu ya nyumba yangu, wanatafuta nini na wamemrekodi nani. Baada ya mwezi nikajibiwa mstari mmoja tu: hawathibitishi wala hawakanushi kuwa na taarifa hizo. Je, ni kweli sina haki ya kujua? Na kwa kuuliza, nimejiweka kwenye orodha yao?"

Jibu: Dada yangu, pole kwa usiku huo. Mlio wa helikopta inayozunguka humkaa mtu kichwani hata baada ya yenyewe kuondoka, na kukosa maelezo huuzidisha. Nilifanya kazi ya kutunza kumbukumbu za ofisi ya umma, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandika maombi ya taarifa na kukata rufaa wanapokataliwa. Barua kama yako zimepita mikononi mwangu nyingi.

Una haki kubwa kuliko uliyoambiwa kituoni. Lakini barua uliyoandika iliwapa njia rahisi ya kukukatalia, na usijilaumu kwa hilo, karibu kila mtu huanza hivyo. Sheria za kupata taarifa zinakupa haki ya kuona kumbukumbu ambazo ofisi inazo. Kwa kawaida hazimlazimishi ofisa akae akuandikie sababu au utetezi. Ukiuliza "kwa nini mnaruka juu ya nyumba yangu", unaomba maelezo ambayo huenda hayajaandikwa popote, tena kuhusu kazi ambayo pengine bado inaendelea. Ukiomba "jumla ya saa ambazo helikopta iliruka mwezi uliopita, kwa kila aina ya kazi", unaomba karatasi iliyopo kabatini. Nitarudi hapo kwa kirefu. Kwanza tuliondoe hili la paa, maana naona ndilo linalokunyima amani.

Jirani yako amekosea. Helikopta nyingi za polisi hubeba kamera ya joto, na kamera hiyo haipenyi paa wala ukuta. Inachokiona ni joto linalotoka kwenye uso wa kitu: ngozi ya mtu aliyejificha kwenye majani, boneti ya gari lililozimwa muda si mrefu, ukuta wenyewe. Kioo cha kawaida cha dirisha nacho huyazuia mawimbi hayo kwa sehemu kubwa. Iko kesi maarufu ya Marekani inayoonyesha mpaka wa chombo hiki. Mwaka 1992, katika mji wa Florence, jimbo la Oregon, maofisa walielekeza kifaa cha joto kwenye nyumba ya mtu wakiwa ndani ya gari barabarani. Walichokiona ni kwamba paa la gereji na ukuta mmoja vilikuwa na joto kuliko sehemu nyingine za nyumba, kwa sababu ndani mlikuwa na taa kali za kukuzia bangi. Hawakuona mtu wala mmea. Hata hivyo, mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuipima nyumba ya mtu kwa kifaa cha namna hiyo ni upekuzi, na unahitaji kibali cha mahakama. Kwa hiyo mashine haioni kitanda chako, na bado wapo majaji walioona kwamba hata joto la ukuta wa nyumba ni faragha ya mwenye nyumba.

Na ikiwa helikopta iko juu ya paa lako hasa, kuna uwezekano mkubwa kwamba haiangalii kwako. Kamera yake hutazama kwa mshazari, ikiwa mbali na kitu kinachotazamwa, mara nyingi mamia ya mita, wakati mwingine zaidi ya kilomita. Rubani huzunguka ili mtu wa kamera abaki ameliona eneo lilelile bila kupotezwa na paa au mti. Kusimama palepale hewani pia kunaitaka injini nguvu nyingi kuliko kusonga mbele kwa mwendo wa wastani, na injini ikileta shida, helikopta iliyo kwenye mwendo ina nafasi nzuri zaidi ya kushuka salama. Ndiyo maana inazunguka. Wewe uliye chini ya duara unasikia kelele zote, ilhali wanachokitazama huenda kiko mtaa wa pili.

Nje ya nyumba ni habari nyingine, na hapo sitakutuliza kwa maneno matamu. Kamera ya kawaida yenye uwezo wa kuvuta karibu inaona uani, barazani, na hata dirishani ikiwa pazia liko wazi na taa inawaka. Mwaka 2017 mahakama ya Sheffield, Uingereza, ilimfunga mwaka mmoja jela aliyekuwa polisi, ambaye kati ya mwaka 2007 na 2012 alikuwa ametumia kamera ya helikopta ya polisi kuwarekodi watu wakiota jua uchi kwenye bustani za nyumba zao. Watu hao hawakujua lolote walipokuwa wakirekodiwa. Video zenyewe ndizo zilizotoa ushahidi. Mtu anayeuliza nani aliamuru kamera iwashwe, na video inakaa wapi, anauliza jambo la maana kabisa, na asikubali kuambiwa ana wasiwasi wa bure.

Sasa simu ya mdogo wako. Ndege na helikopta nyingi hubeba transponda, kifaa kinachopata mahali kilipo kutoka kwenye setilaiti na kukitangaza kwa redio, kwa kawaida kwenye masafa ya megahezi 1090, takriban mara mbili kila sekunde. Tangazo hilo halijafichwa kwa msimbo wowote. Mtu mwenye antena ndogo na kompyuta analinasa, na maelfu ya watu duniani wanafanya hivyo na kuzituma takwimu kwenye tovuti zinazochora ramani anayoitazama mdogo wako. Helikopta ikikosekana kwenye ramani usiharakishe kusema imejificha. Mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo helikopta iliyo chini, nyuma ya kilima au majengo marefu, haisikiki na antena iliyo mbali. Zipo pia transponda za aina ambayo haitangazi mahali ilipo. Hizo huhitaji vipokezi kadhaa vipige hesabu ya tofauti za muda ndipo zionekane, na vipokezi vikiwa vichache eneo lenu, hesabu hiyo haifanyiki. Baadhi ya tovuti huficha ndege kwa ombi la mwenyewe. Nyingine, kama ADS-B Exchange, zimejijengea jina kwa kutoficha, kwa hiyo linganisha tovuti mbili au tatu. Na ndiyo, yapo mazingira ambayo polisi wanaruhusiwa kuzima. Kanuni ya anga ya Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2019 inaziruhusu ndege za serikali kutotangaza mahali zilipo zinapokuwa kwenye kazi nyeti ambayo kutangaza kungeiharibu.

Mwambie mdogo wako afanye kazi moja yenye faida: kila inapokuja, aandike kwenye daftari tarehe, saa ilipoanza kusikika, saa ilipoondoka, na namba ya usajili ikionekana kwenye ramani. Asiirushe mitandaoni pale pale inaporuka. Inawezekana anatafutwa mtoto aliyepotea, inawezekana kuna watu wenye silaha chini, na kutangaza mahali helikopta ilipo wakati huo kunaweza kumdhuru mtu. Baada ya siku chache daftari lenu halimdhuru yeyote, na thamani yake kwenye ombi la taarifa iko palepale.

Daftari hilo litakusaidia pia kujua kama ni polisi kweli. Usiku helikopta zote zinafanana: za wagonjwa, za jeshi, za vyombo vya habari. Namba ya usajili inakupeleka kwenye sajili ya ndege ya mamlaka ya usafiri wa anga, ambayo katika nchi nyingi ni ya wazi. Na hata zikiwa za polisi, huenda kituo cha mtaani kwenu hakina karatasi hata moja. Uingereza na Wales, kwa mfano, mwaka 2012 kilianzishwa kikosi kimoja cha anga cha pamoja cha polisi, kikawekwa chini ya usimamizi wa polisi wa eneo la West Yorkshire. Ukimwomba polisi wa mji mwingine daftari la safari, anaweza kukujibu kwa uaminifu kabisa kwamba hana. Nchi nyingine helikopta ni za wizara, au za jeshi zikiazimwa. Kabla ya kuandika tena, piga simu uulize jambo moja tu: nani anatunza kumbukumbu za safari za helikopta hizi?

Tuje kwenye "siri ya usalama". Sentensi hiyo ikisemwa mezani kituoni haina uzito wa kisheria. Sheria nyingi za taarifa zinalinda taarifa fulani kwa sababu ya madhara fulani. Haziifuniki ofisi nzima kama blanketi. Kenya, kwa mfano, ina haki hii kwenye ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 na kwenye sheria ya mwaka 2016. Usalama wa taifa umetajwa kati ya mambo yanayoweza kuzuia taarifa, lakini sheria hiyohiyo inasema taarifa inaweza kutolewa pale ambapo maslahi ya umma yanazidi madhara ya kuitoa. Kanuni za Tshwane za mwaka 2013, zilizoandikwa na wataalamu wa nchi nyingi kuhusu usalama wa taifa na haki ya taarifa, zinamtwisha mwenye kukataa mzigo wa kuonyesha madhara yenyewe. Kutaja neno usalama hakutoshi. Nikuambie pia upande wa pili: zipo nchi zilizoondoa vyombo vizima kwenye sheria. India, kwa sheria yake ya mwaka 2005, imevitoa vyombo vya usalama na ujasusi vilivyoorodheshwa, isipokuwa kwa tuhuma za rushwa na ukiukwaji wa haki za binadamu. Kwa hiyo soma kwanza orodha ya misamaha, yaani taarifa na ofisi ambazo sheria ya nchi yako imezitoa. Ni kurasa mbili tatu, na zitakuokolea miezi.

Wanaosema kwamba mambo ya helikopta hayawezi kuanikwa wakumbuke kilichofanyika Kenya. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi ilianguka Ngong na kuua watu sita, akiwamo Waziri wa Usalama wa Ndani George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode. Tume iliyoongozwa na Jaji Kalpana Rawal ilisikiliza ushahidi hadharani, pamoja na habari za ununuzi na matengenezo ya helikopta hiyo. Mambo ya ndani kabisa ya chombo cha polisi yalisemwa mbele ya wananchi. Ilichukua vifo vya watu sita kufika hapo, na mimi naamini karatasi za namna hiyo hazipaswi kusubiri msiba.

Huko Los Angeles zilitolewa bila msiba. Desemba 2023 mkaguzi wa hesabu wa jiji, Kenneth Mejia, alitoa ripoti juu ya helikopta 17 za polisi wa jiji hilo. Ilionyesha kuwa zinagharimu karibu dola milioni 46.6 kwa mwaka, kiasi cha dola 2,916 kwa kila saa ya kuruka, na kwamba asilimia 61 ya muda wa kuruka ulikwenda kwenye mambo yasiyo uhalifu wa kipaumbele, zikiwamo doria za kawaida, usafirishaji na sherehe. Mkaguzi hakupata hayo kwa kuuliza "kwa nini mnaturukia". Alihesabu kumbukumbu za safari. Kila saa iliyowekwa kwenye kundi lake, kila kundi na gharama yake.

Hapo ndipo penye nguvu yako. Gari la polisi linaweza kuzunguka usiku kucha likaacha maandishi machache. Helikopta haiwezi, kwa sababu usalama wa anga unategemea kuandika. Kabla haijapaa, chumba cha mawasiliano kimeandika nani ameiomba, saa ngapi, kwa kazi gani. Rubani anaandika muda wa kuondoka na wa kutua, kwa sababu muda huo ndio unaoamua lini vipuri vibadilishwe. Mafuta yaliyojazwa yanaandikwa. Saa za kazi za marubani zinaandikwa, kwa kuwa wana kikomo. Chukua mstari mmoja wa kubuni kutoka daftari la namna hiyo: imeondoka saa 3:42 usiku, imetua saa 4:50, kazi namba 7, kutafuta mtu aliyepotea, kamera imetumika, aliyetafutwa amepatikana. Mstari mmoja, na tayari umejua kwamba usiku ule mtoto wako aliamshwa kwa sababu mama mwingine alikuwa anatafutiwa wake. Au umejua kwamba kazi iliyoandikwa ni "doria" siku kumi na mbili mfululizo, na hapo una hoja ya kwenda nayo mbele.

Sasa lile jibu la "hatuthibitishi wala hatukanushi". Lina historia yake. Miaka ya 1970 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia meli iitwayo Glomar Explorer kujaribu kuinua nyambizi ya Kisovieti iliyozama, na waandishi walipoomba kumbukumbu, shirika likakataa hata kusema kama kumbukumbu zipo. Mahakama zikaikubali namna hiyo ya kujibu, ikaenea. Ina mantiki yake. Tuseme kila mwezi unaandika kuuliza kama nyumba fulani inachunguzwa. Wakijibu "hapana" miezi mitano, wa sita wakakataa kujibu, tayari umejua. Ili kulinda mwezi mmoja, lazima wajibu hivyohivyo miezi yote. Barua yako ilitaja nyumba yako, ikauliza wanachotafuta na waliyemrekodi. Kwa swali la namna hiyo, nakuambia kwa moyo mmoja, jibu lao linaweza kutetewa.

Lakini mantiki hiyo inaishia pale siri inapoishia. Kwamba helikopta iliruka, mtaa mzima uliisikia na transponda ikatangaza. Ofisi kukataa kukiri kwamba ina daftari la safari za mwezi uliopita hakumlindi yeyote. Kwa hiyo usipigane na jibu la kwanza peke yake. Andika ombi jipya lililokatwa vizuri, lisilogusa mtu wala nyumba. Mimi ningeandika hivi:

"Naomba nakala ya kumbukumbu zinazoonyesha, kwa kila mwezi kati ya Januari na Juni mwaka huu: idadi ya safari za helikopta katika wilaya hii, jumla ya saa zilizorukwa, na mgawanyo wa saa hizo kwa aina ya kazi kama mnavyoziainisha wenyewe. Naomba pia mwongozo unaoeleza nani anaidhinisha helikopta itumwe, na muda wa kuhifadhi picha na video kabla hazijafutwa. Siombi jina la mtu yeyote wala taarifa za operesheni inayoendelea. Ikiwa sehemu ya kumbukumbu haiwezi kutolewa, naomba sehemu hiyo ifichwe na iliyobaki itolewe."

Badilisha miezi na wilaya, mengine yaache. Maneno "kama mnavyoziainisha wenyewe" yanawanyima kisingizio kwamba ombi linawataka waunde takwimu mpya. Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko zote, maana sheria nyingi zinaitaka ofisi itenganishe kilicho siri na kisicho siri badala ya kukalia faili zima. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya California ilisema jambo la jinsi hiyo kuhusu droni za polisi wa Chula Vista. Jiji lilitaka video zote zihesabiwe siri za upelelezi kwa mkupuo, mahakama ikakataa, ikaamuru zipangwe kwa makundi ili ijulikane zipi kweli ni za upelelezi na zipi ni za wito wa kawaida. Niliwahi kumsaidia mzee mmoja aliyekuwa ameomba "taarifa zote kuhusu helikopta" akanyimwa zote. Tukaandika upya kwa mistari minne, na baada ya wiki chache akaletewa jedwali la ukurasa mmoja. Alilikunja akaliweka kwenye mfuko wa shati kama barua ya mwanawe.

Hesabu siku tangu tarehe waliyolipokea ombi. Kenya ni siku 21, au saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Uganda ni siku 21, Tanzania 30, Uingereza siku 20 za kazi. Peleka ombi kwa njia inayoacha ushahidi, na nakala igongwe muhuri. Siku zikipita kimya, katika sheria nyingi kimya hicho kinahesabiwa kuwa kukataliwa, na unaruhusiwa kukata rufaa: kwanza ndani ya ofisi yenyewe pale sheria inapotaka hivyo, kisha kwa kamishna au tume inayosimamia haki ya taarifa. Kenya ni Tume ya Haki ya Utawala, na una siku 30 za kuomba mapitio. Angalia tarehe za barua yako ya kwanza pia, huenda muda wake wa rufaa bado haujapita.

Usitegemee kupewa kila kitu. Njia kamili ya kila safari, uwezo halisi wa kamera, ratiba ya zamu za usiku, majina ya waliotafutwa: hayo watayazuia, na mengi nami ningeyazuia. Hata takwimu ndogo mno wanaweza kukataa wakisema vipande vikiunganishwa vinafichua picha nzima, na hoja hiyo si ya uongo kila mara. Ukikwama hapo panua eneo kutoka mtaa hadi wilaya, au muda kutoka wiki hadi robo mwaka. Huku ukisubiri, soma ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu na makadirio ya bajeti ya polisi. Mara nyingi gharama za mafuta na matengenezo ya helikopta zimo humo tayari, hazihitaji kuombwa.

Kuhusu video, kuna haraka. Picha za kamera huwa na muda wa kuhifadhiwa, na zisipohusishwa na kesi hufutwa, pengine ndani ya wiki chache. Ikiwa unaamini wewe au watoto wako mmerekodiwa, andika barua tofauti kabisa na ile ya juu, chini ya sheria ya kulinda taarifa binafsi kama nchi yako inayo, ukitaja tarehe, saa na mahali mlipokuwa, na uombe video isifutwe hadi ombi lako lijibiwe. Polisi wana misamaha mingi kwenye sheria hizo pia, na huenda wakakujibu kwamba hamtambuliki kwenye picha. Hilo nalo ni jibu la kukutuliza.

Kelele ni njia ya tatu, na kwako wewe mwenye mtoto mchanga pengine ndiyo ya haraka. Helikopta za polisi mara nyingi zinaruhusiwa kuruka chini kuliko ndege nyingine, hivyo usitegemee sana kwamba kanuni ya anga imevunjwa. Lakini malalamiko yenye tarehe na saa, yakitoka kwa kaya kumi na tano badala ya moja, yakipelekwa kwa mkuu wa kikosi kupitia diwani au mbunge, yanaweza kuzungumzwa: waruke juu zaidi, wahamishe duara, wasipite juu ya makazi wanaporudi kambini. Hakuna siri ya mtu inayohitaji kufichuliwa ili hayo yafanyike.

Uliuliza kama umejiweka kwenye orodha. Jina lako limo kwenye rejista ya maombi ya taarifa, kama la kila aliyeomba, na sheria nyingi hazidai hata useme sababu. Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Lakini siwezi kujua unaishi chini ya polisi wa namna gani, na wewe unajua. Kama mahali ulipo anayeuliza hufuatwa nyumbani, usiandike kwa jina lako. Mpe ombi hilihili mwandishi wa habari, chama cha mawakili, shirika la haki za binadamu au mbunge, waliandike wao.

Na iko hali moja ambayo ningekuomba uache barua zote hizi ukamwone wakili ana kwa ana: kama baada ya helikopta kuzunguka kuna mtu wa nyumbani kwenu aliyekamatwa, aliyeumizwa au asiyejulikana alipo, au kama polisi wameshakuja mlangoni na maswali. Hapo video na daftari la safari ni ushahidi. Wakili anaweza kuomba mahakama iamuru zihifadhiwe na ziletwe, njia yenye meno kuliko ombi la mwananchi, na pia atakuzuia usiandike jambo litakalotumiwa dhidi ya ndugu yako. Nenda na daftari la mdogo wako na ile barua ya mstari mmoja. Nenda wiki hii, kabla muda wa kuhifadhi video haujaisha.